SWR nzuri, mawasiliano mabaya: kisa cha antena ya VHF iliyoliwa na chumvi Ushongo

Mnara ni mwembamba, wa mabomba matatu ya chuma kilichochovywa zinki, urefu mita 16. Umesimama hatua chache kutoka pale maji ya bamvua yanapoishia, ufukwe wa Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani mkoani Tanga. Juu yake kuna antena ya kawaida kabisa ya VHF ya baharini, masafa ya juu sana yanayotumiwa na redio za boti: fimbo moja ya alumini iliyosimama wima, yenye urefu wa kama sentimita 45, na chini yake fimbo nne zilizoinama nyuzi 45 kuelekea ardhini. Fimbo hizo nne ndizo radiali. Zote tano zinakutana kwenye kitovu cha brasi, na tumboni mwa kitovu kuna konekta inayopokea kebo. Kebo inashuka mnara, inakata uwanja na kuingia ofisini, jumla yake mita 30 hivi. Ofisini kuna redio ya wati 25 inayosikiliza chaneli 16, yaani megahezi 156.8, chaneli ya wito na dharura baharini dunia nzima.

Ofisi hiyo ni ya mwenye boti anayepeleka watu kwenye fungu la mchanga la Maziwe na kuwavusha hadi Nungwi, Unguja. Manahodha wake wengi hubeba redio za mkononi za wati 5. Malalamiko yao yalikuwa matatu. La kwanza, umbali ulikuwa umepungua polepole kwa misimu kadhaa, mpaka boti ikiwa karibu na Maziwe tu tayari mazungumzo yanakatika. La pili, nahodha alimsikia mtu wa ofisini, lakini wa ofisini hakumsikia nahodha. La tatu, kusi likipiga kulitokea mikwaruzo redioni, na upepo ukitulia nayo inatulia.

Mwenye boti alishaambiwa redio imechoka. Akanunua mpya. Hali ikabaki vilevile. Nilipofika, mita ya SWR, ile inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu iliyotumwa kinarudi redioni badala ya kutoka kwenye antena (1 maana yake hakirudi kitu, na namba ikipanda kinarudi kingi), ilikuwa imeunganishwa nyuma ya redio, na msaidizi wake akanionyesha sindano kwa uhakika kabisa: “Fundi, ona mwenyewe, moja nukta tatu. Antena ni nzima hii, labda ni bahari tu siku hizi.”

Kusoma hakukosea. SWR ilikuwa 1.3 kweli, namba ambayo fundi yeyote angeifurahia. Nimekiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu ya namba hiyo. Nimeona vituo vingi vya Pwani vikinunua redio mpya, hata antena mpya, huku ugonjwa wenyewe ukifichwa na mita ile ile iliyowekwa pale kuufichua.

Kwanza nilitaka kujua umbali wa haki ni upi, kwani huwezi kusema kitu kimepungua kama hujui kilitakiwa kuwa kiasi gani. Mawimbi ya VHF huenda karibu na mstari ulionyooka, yakipinda kidogo tu kufuata mgongo wa dunia. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya nchi kavu kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya boti, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita. Mnara wa mita 16 unatoa 4. Redio ya mkononi ikishikwa juu ya sitaha, mita 2 kutoka majini, inatoa 1.4. Jumla inakuwa kama kilomita 22. Kwa hiyo hakuna wa kuahidi kwamba ofisi ya Ushongo itazungumza na redio ya mkononi iliyoko Nungwi. Dunia yenyewe imekaa katikati. Ila kilomita 20 ni haki yao, nao walikuwa hawafiki hata nusu.

Kabla ya kupanda niliukagua mnara wenyewe. Watu huiwazia antena na kusahau kinachoishikilia, wakati chumvi haijui hiki ni cha kupokea mawimbi na hiki ni cha kubeba uzito wa mtu. Nyundo ndogo ilipogongwa kwenye mabomba ilitoa mlio mkavu mpaka juu, jambo jema, kwa sababu bomba lililolika kwa ndani hutoa sauti ya kufa. Waya za kushikilia mnara zilikuwa nzima, lakini skrubu moja ya kukazia waya, ya upande wa baharini, ilikuwa imebaki uzi mwembamba wa chuma ndani ya ganda la kutu. Hiyo ilibadilishwa kwanza. Hakuna aliyepanda mpaka ilipokuwa imefungwa na kukazwa, na aliyepanda alivaa mkanda wa usalama. Sitaki kulirefusha hili, ila anayepanda mnara wa ufukweni bila kugusa waya zake kwanza anahatarisha maisha kwa ajili ya fimbo tano za alumini.

Kipimo kilichofungua kisa ni rahisi, na kila mwenye mita ya SWR anaweza kukifanya. Redio iliwekwa kwenye nguvu ya chini, wati 1, ili isiumie. Juu ya mnara kebo ilifunguliwa kutoka kwenye antena, ikaachwa wazi ikining'inia, haijaguswa na kitu. Kebo isiyo na kitu mwishoni haina pa kumwaga nguvu, kwa hiyo nguvu yote inayofika mwisho inarudi. SWR inapaswa kupanda. Kwa kebo nzima ya aina ya RG-213, mita 30, kwa masafa haya, kebo yenyewe hula takribani desibeli 2.6 (desibeli ni kipimo cha kupungua kwa nguvu, na kila 3 ni karibu nusu) kwa safari ya kwenda na nyingine 2.6 kwa kurudi, na mita ofisini ingesoma kati ya 3 na 4. Yetu ilisoma 1.5.

Maana yake ni nzito. Hata antena ikikatwa kabisa na kutupwa baharini, mita ile isingepanda zaidi ya 1.5. Kebo ilikuwa inameza nguvu wakati wa kwenda, na inayorudi inamezwa tena njiani, kiasi kwamba mita inaona kidogo sana kinachorudi na kudhani kila kitu kimepokelewa vizuri juu. Kebo iliyooza huifanya antena mbovu ionekane nzima. Kadiri inavyozidi kuoza, ndivyo SWR inavyozidi kupendeza.

Hesabu yake hii hapa, na naomba anayesoma aifuatilie hata kama si mpenzi wa hesabu. SWR ya 1.5 ni sawa na kusema kinachorudi kimepungua desibeli 14. Safari ni mbili, kwa hiyo kila moja inakula desibeli 7. Desibeli 7 zinaacha sehemu moja tu ya tano. Redio inatoa wati 25, kileleni zinafika 5. Tulihakikisha kwa kupandisha mita ya wati na mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu yote badala ya antena, juu ya mnara: sindano ilisimama pale pale kwenye 5.

Na antena je? Ikiwa imeunganishwa, mita ya chini ilisoma 1.3, sawa na desibeli 17.7 za kurudi. Ukiondoa 14 zinazoliwa na kebo kwa safari zote mbili, zinabaki 3.7. Hiyo ndiyo hali halisi ya antena: SWR yake ilikuwa karibu 5, ikirudisha zaidi ya asilimia 40 ya kilichoifikia. Katika wati 5 zilizopanda, antena ilikuwa inapokea chini ya 3. Redio ya wati 25, mpya, ikifanya kazi ya redio ya wati 3.

Hapo lalamiko la pili nalo likajieleza. Upotevu ni ule ule, uwe unatuma au unapokea. Nahodha alikuwa anasikia kana kwamba ofisi ina wati 3 safi. Lakini wati 5 za mkononi mwake, zikishapita kwenye antena ile na kebo ile, ziliifikia redio ya ofisi kana kwamba ametuma kwa nusu wati. Ndiyo sababu yeye anasikia na hasikiki, na kwenye bahari hilo ndilo baya zaidi, maana mwenye shida ni yule aliye majini.

Tukaikata kebo vipandevipande ili tuone. Karibu na konekta ya juu, ganda jeusi lilipochanwa, msuko wa shaba unaouzunguka waya wa kati, uliotakiwa kung'aa, ulikuwa mweusi, na sentimita chache za kwanza zilikuwa na unga wa kijani. Weusi huo ulishuka mita nyingi. Maji yalikuwa yameingia kwenye konekta iliyofungwa utepe wa kawaida wa umeme peke yake, utepe ambao gundi yake jua la Pwani lilikuwa limeshaiyeyusha. Mchana kebo inapata moto, hewa ndani inatanuka na kutoka. Usiku inapoa, inavuta hewa yenye unyevu na chumvi. Msuko nao una nyaya nyembamba zilizolala pamoja, na maji hupanda na kushuka katikati yake yenyewe kama mafuta kwenye utambi.

Kwa nini weusi huo una madhara makubwa hivyo? Kwa megahezi 156, umeme haupiti katikati ya shaba. Unatambaa kwenye ngozi yake tu, unene wa kama sehemu tano kati ya elfu moja za milimita. Na kwenye msuko, umeme hauna waya mmoja wa kufuata kutoka mwanzo hadi mwisho upande mmoja. Kila waya unazama ndani na kuibuka tena, hivyo umeme hulazimika kuruka kutoka waya hadi waya kila baada ya milimita chache. Kila mguso huo ukiwa na tabaka la oksidi, nguvu inageuka joto. Mita ya omu ya kawaida haiwezi kuonyesha hili: ukiipima kebo ile kwa betri, ilikuwa inapitisha vizuri kabisa.

Kebo ya namna hiyo haisafishwi. Nimeulizwa mara nyingi kama inaweza kukaushwa juani, au kumiminiwa spiriti, au kukatwa mita mbili za juu tu. Ukikata ukakuta shaba inang'aa na plastiki nyeupe ya ndani haina doa, sawa, bakiza iliyobaki. Ukikata ukakuta weusi, endelea kukata. Sisi tulikata hadi tukafika kwenye ukuta wa ofisi. Ilinunuliwa mpya.

Antena ndiyo iliyostahili kuokolewa, na hapo ndipo kazi ya mikono inapoanza.

Iliteremshwa, ikapigwa picha kila upande, na kila radiali ikawekewa alama na tundu lake. Halafu kuioga: maji baridi ya kunywa, sabuni kidogo ya vyombo, brashi ya nailoni. Chumvi lazima iondoke kabla ya kitu kingine chochote, maana ukianza kusugua kabla ya kuosha unaisukuma ndani ya vidonda vya chuma, na itaendelea kula chini ya kazi yako nzuri. Tuliosha, tukasuuza, tukaacha ikae ndani ya ndoo ya maji safi usiku kucha, tukasuuza tena.

Baada ya hapo rangi zinaanza kusema. Unga mweupe kwenye fimbo na kwenye matundu ni alumini iliyolika. Kijani kwenye kitovu na konekta ni shaba iliyo ndani ya brasi. Sehemu moja ya brasi yenye wekundu wa waridi ingenitisha, kwa sababu inamaanisha zinki imeshatoka na kilichobaki ni shaba yenye matundu kama sponji, isiyo na nguvu. Kitovu hiki hakikuwa nayo. Kahawia ilikuwa kwenye nati mbili tu ambazo mtu aliwahi kuzibadilisha akaweka za chuma cha kawaida.

Ugonjwa ulikuwa kwenye matundu. Fimbo ya alumini ikiingia kwenye kitovu cha brasi, na katikati pakawa na maji ya chumvi, hiyo ni betri. Tofauti yake ni karibu nusu volti, inafanya kazi usiku na mchana, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokea una ujazo mkubwa kuliko chuma kilichouzaa, hivyo unajikaza ndani ya tundu mpaka fimbo haitoki, huku ukiwa hauruhusu umeme kupita. Antena ilikuwa imekazwa kuliko siku ilipotoka kiwandani na bado fimbo tatu kati ya nne zilikuwa hazigusi kitu. Ya nne iligusa na kuachia kulingana na upepo. Ile ndiyo mikwaruzo ya kusi.

Fimbo zilizoshikamana hivi hazitolewi kwa nguvu. Alumini iliyolika hukatika, na kipande kinabaki tunduni. Tulitia mafuta mepesi ya kulegeza, tukaacha, tukarudia, tukagonga kitovu kwa nyundo ya mbao, tukapasha brasi joto kwa hewa ya moto na kuizungusha fimbo kidogo kidogo huku na huku. Tatu zilitoka. Moja ilikatika pamoja na uangalifu wote huo. Ilikuwa imebaki nyembamba sana pale inapoingia. Kipande kilitobolewa kwa kekee, polepole, ili tundu la brasi lisipanuke. Fimbo ya kuiziba nafasi yake ilipatikana kwa fundi wa madirisha ya alumini mjini. Alumini ya fremu za madirisha huwa ni aloi ya 6063, nayo hutumika sana katika antena, kwa hiyo hiyo si kazi ya kubahatisha. Ilikatwa kwa urefu sawa na ndugu zake.

Sasa kusafisha. Kwa alumini, tulitumia sponji ngumu ya kijani ya kusugulia vyombo, na kwenye ncha zinazoingia tunduni msasa laini wa namba 400. Usitumie stilwaya ya sufuria, wala brashi ya chuma. Chembe zake zinabaki zimepandwa kwenye alumini laini, zinapata kutu, na kila chembe inaanzisha shimo lake. Usitumie magadi wala kostiki ya kutengenezea sabuni. Zinakula alumini yenyewe, hazichagui kutu peke yake. Dawa za kung'arishia nguo zenye klorini ni ndugu wa chumvi unayojaribu kuiondoa. Mafundi wengine hupenda maji ya betri kwa sababu yanatoa matokeo haraka. Nawasihi waache: asidi iliyobaki ndani ya uzi wa boliti itaendelea na kazi yake antena ikiwa juu, wala hutaiona.

Kwa brasi, ndimu inatosha. Yeyote aliyekulia nyumba ya Pwani yenye sinia na mabuli ya shaba anajua jinsi ndimu au ukwaju unavyoondoa kijani. Kosa ni kuongeza chumvi ili ing'ae upesi, kama wanavyofanya jikoni. Kwa sinia litakaloliwa wali jioni hiyo haina neno, kwa antena hapana. Baada ya ndimu, kitovu kilitiwa kwenye maji yenye soda ya kuokea mikate ili kuua asidi, kikasuuzwa kwa maji safi mara kadhaa, kikakauka juani. Pini ya katikati ya konekta ilikuwa na mipako ya fedha iliyosawijika. Hiyo niliifuta kwa kitambaa chenye spiriti tu, kwa sababu weusi wa fedha hauzuii sana umeme, na ukiikwangua mpaka brasi ionekane umeondoa kinga iliyobaki.

Mwenye boti aliona fimbo bado zina mabaka ya kijivu akauliza mbona hatuzing'arishi ziwe kama mpya. Ni swali zuri. Tabaka hilo la kijivu ni oksidi ya alumini. Ni gumu mno, ndiyo madini yale yale yanayotengenezewa msasa, na linakinga chuma kilicho chini yake. Umeme wa redio hauna shida nalo, unapita chini yake kwenye alumini safi kana kwamba halipo. Ukilikwangua lote, hewa italirudisha, na kwa muda wote huo chumvi imepata mlango. Nilichokitaka king'ae ni milimita chache tu: ncha za fimbo, ndani ya matundu, nyuzi za boliti, uso unaogusana na uso. Huko, ndiyo, ing'ae kabisa.

Na huko pia kuna haraka. Alumini iliyokwanguliwa inaanza kuvaa oksidi mpya papo hapo. Kwa hiyo ncha ilisuguliwa ikiwa tayari imepakwa grisi ya viungo vya alumini, ile yenye chembe za zinki wanayoitumia mafundi wa nyaya za umeme, kisha ikaingizwa tunduni bila kusubiri. Chembe zinatoboa tabaka jembamba wakati wa kukaza, grisi inafukuza maji. Kuna grisi za kuzuia kukwama zenye shaba ndani, nzuri kwa injini. Hizo kwenye alumini zinaleta ile betri tuliyokuwa tunaikimbia.

Niliwaza kuachana na alumini na kuweka fimbo za brasi, ili kusiwe na metali mbili zinazotofautiana. Ingekuwa suluhisho safi. Lakini fimbo za brasi zinazopatikana kwa wachomeaji ni nyembamba, zinayumba, na za unene unaofaa hazikuwepo dukani. Betri haiwi betri bila maji. Tukaamua kuyazuia maji.

Boliti zote zilibadilishwa kuwa za chuma kisichoshika kutu cha daraja la A4, lenye molibdeni, ambalo linavumilia bahari kuliko A2 ya kawaida. Nyuzi zake zilipakwa grisi, kwa sababu boliti na nati za namna hiyo zikikazwa kavu huwa zinaumana na kushikana moja kwa moja. Kila tundu lilizungushiwa silikoni kwa nje, na hapa kuna jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: silikoni inayonuka siki inapokauka inatoa asidi, na asidi hiyo inakula shaba na brasi. Chagua isiyo na harufu hiyo, iliyoandikwa kwamba haina asidi. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, bei yake imezidi kidogo tu.

Konekta ndiyo ilipewa muda mrefu zaidi. Plagi ya PL-259 yenyewe haizuii maji hata ikifungwa kwa koleo. Msuko ulilehemiwa kwenye plagi. Baada ya kufungwa kwenye antena, ukawekwa mzunguko mmoja wa utepe wa umeme ili siku ya kufungua isiwe vita, juu yake utepe wa mpira unaojishika wenyewe ukivutwa mpaka urefuke, na juu kabisa utepe wa umeme tena kuukinga na jua. Utepe ulianzia chini kwenda juu, kila duru ikilalia nusu ya iliyo chini yake, kama makuti yanavyopandishwa paa. Ukianzia juu kwenda chini, kila ukingo wa utepe unakuwa kijiko cha kuchotea mvua. Kebo nayo ilifanyiwa kitanzi kabla ya kuingia ukutani, kielekee chini, maji yadondokee nje.

Antena iliporudishwa, ilipimwa juu kwa kipande kifupi cha kebo: SWR 1.2. Kebo mpya ikiwa wazi mwishoni, mita ya ofisini ilipanda hadi 3.4. Vyote vikiunganishwa, ofisini ilisoma 1.1. Angalia basi: kutoka 1.3 hadi 1.1, tofauti ambayo kwa macho si kitu, huku nguvu inayoondoka kwenye antena ikitoka chini ya wati 3 hadi zaidi ya 13. Manahodha walizungumza na ofisi wakiwa wamelipita fungu la Maziwe kwa mbali, sauti zikakatika pale hesabu ilipokuwa imesema zitakatika. Mikwaruzo iliondoka.

Mwenye boti alitaka kujua ni kipi hasa kilichoponya, antena au kebo, kwani ana kituo kingine. Jibu langu ni kwamba kimoja peke yake kingemwacha pabaya. Angesafisha antena na kuacha kebo, angefika wati 5. Angebadilisha kebo na kuacha antena, SWR ofisini ingeruka ghafla hadi zaidi ya 2, redio ingeanza kujipunguzia nguvu ili isiungue, naye angeamini kwamba kebo mpya ndiyo mbovu. Nimewahi kuona kebo nzuri ikirudishwa dukani kwa sababu hiyo hiyo.

Nadhani kurekebisha kulikuwa sahihi kwa antena hii kwa sababu kitovu chake ni brasi nene iliyokuwa nzima. Antena zilizofunikwa kwa bomba la faiba ni habari nyingine: maji yakishaingia ndani, viungo viko mahali ambapo mkono haufiki bila kulipasua bomba, na ukilipasua hutalifunga tena likazuia bahari. Hizo mimi hubadilisha.

Kazi iliyobaki Ushongo ni ya maji ya kunywa na kalamu. Baada ya kila msimu wa kusi, antena na waya za mnara zioshwe kwa maji baridi, na utepe wa konekta ukaguliwe. Namba tatu zimeandikwa ndani ya kifuniko cha boksi la redio: 1.1 ikiwa imeunganishwa, 1.2 juu kwenye antena, 3.4 kebo ikiwa wazi. Ya kuangaliwa kwa makini ni hiyo ya tatu, na ipimwe kwa wati 1 tu. Siku itakaposoma chini ya 3, kebo imeanza kunywa maji, hata kama namba ya kwanza itakuwa imependeza kuliko leo.